Mtoto wa Bordeaux: dawa iliyotuliza mishipa ya pua ikanenepesha moyo

Juni 2008, jarida la tiba la Marekani, New England Journal of Medicine, lilichapisha barua fupi ya madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, wakiongozwa na daktari wa ngozi Christine Léauté-Labrèze. Mgonjwa wa kwanza waliyemweleza alikuwa mtoto mchanga mwenye hemanjioma puani, yaani uvimbe unaotokea pale seli za mishipa midogo ya damu zinapozaliana kupita kiasi. Alikuwa anatumia kotikosteroidi (kwa kifupi steroidi), dawa za jamii ya homoni ya mwili iitwayo kotisoli, tiba ya kawaida wakati huo, na uvimbe ukaacha kukua. Lakini akiwa bado kwenye dawa hiyohiyo, misuli ya moyo wake ikanenepa hadi ikaanza kubana njia ya damu kutoka moyoni. Madaktari wakamwanzishia propranololi kwa ajili ya moyo. Kesho yake pua ilikuwa na sura nyingine: wekundu mkali umegeuka zambarau, na uvimbe umelainika. Steroidi zikapunguzwa taratibu, uvimbe ukazidi kunywea. Zikaachishwa kabisa, haukurudi. Alipofikisha miezi 14, hemanjioma ilikuwa imelala sawa na ngozi.

Wanaosimulia kisa hiki humalizia kwa kuisifu propranololi, na sifa hizo inastahili. Mimi nataka kukaa na dawa ya kwanza. Mtoto mmoja, dawa moja, kipindi kilekile: puani ukuaji unazuiwa, moyoni ukuaji unachochewa. Mtu akiuliza kama steroidi hukuza au hudumaza, kisa hiki hakimpi jibu la neno moja. Homoni hufikisha ujumbe. Kinachofuata hutegemea ni seli gani imeupokea, na seli hiyo ilikuwa katika hali gani ulipofika. Mengi yanayowachanganya wazazi, na hata baadhi ya wahudumu wa afya, kuhusu dawa hizi hukaa sawa hilo likishaeleweka.

Uvimbe wenye ratiba yake

Hemanjioma ya watoto wachanga huwapata kama watoto 4 au 5 katika kila 100. Wasichana huipata zaidi ya wavulana, na watoto njiti zaidi ya waliotimiza miezi yao. Mara nyingi mtoto huzaliwa hana kitu, au ana doa hafifu ambalo mkunga wala mama hakulitilia maanani. Baada ya wiki moja au mbili doa linaanza kuamka. Kasi yake kubwa zaidi ni kati ya wiki ya 5 na ya 8. Mtoto akifika miezi 3, uvimbe wake kwa kawaida umeshafikia kama asilimia 80 ya ukubwa utakaokuwa nao, na kwenye miezi 5 wengi wao umesimama. Halafu karibu na mwaka wa kwanza unaanza kunywea wenyewe, polepole, kwa miaka kadhaa, ukiacha mafuta na nyuzi mahali palipokuwa na mishipa.

Kwenye ngozi nyeusi wekundu unaweza usionekane waziwazi. Sehemu hiyo huonekana imeiva zaidi ya ngozi ya jirani, ina uzambarau mzito, imeinuka, na ukiigusa unahisi joto kidogo. Nalitaja hili kwa sababu picha nyingi za kufundishia zinaonyesha watoto weupe wenye uvimbe mwekundu kama nyanya, na mama aliyeko Tabora au Kisumu akizitazama anaweza kuona kwamba mwanawe hana ugonjwa huo.

Ushauri ambao mama wengi hupewa ni "litaisha lenyewe". Kwa watoto wengi ni kweli. Kwa mtoto ambaye uvimbe umemfunika jicho si kweli, kwa sababu jicho lisilopata mwanga katika miezi ya mwanzo linaweza lisijifunze kuona hata kope likija kufunguka baadaye. Vilevile kwa aliye na uvimbe kwenye njia ya hewa, mdomoni, au kwenye ncha ya pua ambako gegedu changa hupindishwa. Pua ya mtoto wa Bordeaux haikuwa jambo la urembo.

Kuna tofauti moja ambayo bila kuishika uchambuzi wote huharibika. Mwaka 1982, John Mulliken na Julie Glowacki wa Boston waliyagawa mabaka ya mishipa ya damu ya watoto katika makundi mawili kwa kuangalia tabia ya seli zenyewe. Kundi la kwanza ni hemanjioma: seli za endotheli, zile zinazotandaza ukuta wa ndani wa mshipa, zinazaliana kwa kasi. Kundi la pili ni kasoro za kimaumbile za mishipa: seli zimetulia kabisa, ila mshipa ulijengwa vibaya tangu tumboni. Kabla ya hapo yote yaliitwa hemanjioma, na ndiyo maana ripoti za zamani kuhusu steroidi zinagongana, moja ikisema dawa imefanya maajabu na nyingine ikisema haikufanya kitu. Ukimpa steroidi mtoto ambaye seli za mishipa yake hazizaliani, hakuna ukuaji wa kuzuia. Tangu mwaka 2000 wataalamu wa patholojia, wanaochunguza vipande vya mwili maabara, wana alama inayorahisisha kazi: protini iitwayo GLUT1 huonekana kwenye seli za hemanjioma ya watoto wachanga, kama inavyoonekana kwenye mishipa ya kondo la nyuma, na haionekani kwenye zile kasoro za kimaumbile.

Prednisoloni kwa mtoto wa kilo 5

Steroidi ziliingia kwenye ugonjwa huu miaka ya 1960. Mwaka 1967, Zarem na Edgerton, madaktari wa upasuaji wa kurekebisha maumbile nchini Marekani, waliripoti watoto ambao uvimbe wao ulinywea baada ya kupewa prednisoloni, mojawapo ya steroidi hizo. Tangu hapo, kwa takriban miaka 40, ikawa ndiyo dawa ya kwanza kwa hemanjioma inayotishia jicho, pumzi au uhai.

Dozi iliyozoeleka ilikuwa miligramu 2 hadi 3 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Tuiweke kwenye mwili wa mtoto halisi ili uzito wake uonekane. Mtoto wa kilo 5 anayepewa miligramu 2 kwa kilo anameza miligramu 10 za prednisoloni kila siku. Prednisoloni ina nguvu takriban mara 4 ya kotisoli, homoni ambayo tezi za adrenali juu ya figo hutengeneza zenyewe, kwa hiyo ni kama amepewa miligramu 40 za kotisoli. Tezi za mtoto wa ukubwa huo hutengeneza miligramu chache tu kwa siku. Anachopata ni zaidi ya mara 10 ya homoni yake mwenyewe, na anakipata kwa miezi, kila seli yenye kipokezi cha homoni hiyo, yaani protini inayoipokea, ikisikia. Karibu seli zote za mwili zinacho.

Ndiyo maana madhara yalikuwa mengi: uso unavimba na kuwa wa duara, mtoto analia na halali, presha inapanda, urefu unasimama, kinga inashuka. Tezi za adrenali nazo zinalala kwa kukosa kazi, na dawa ikikatwa ghafla mwili unabaki bila homoni ya kukabili hata homa ndogo. Daktari aliyeandika prednisoloni kwa hemanjioma alijua anakopa.

Ndani ya seli mambo huenda hivi. Kotisoli na ndugu zake huyeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo hupenya utando wa seli bila kubisha hodi. Ndani hukutana na kipokezi kilichokuwa kimeshikiliwa na protini nyingine, hukifungua, kisha wote wawili huingia kwenye kiini. Huko kipokezi hukaa juu ya DNA na kuziamsha baadhi ya jeni, au huzikamata protini nyingine zinazowasha jeni za uvimbe na ukuaji na kuzizuia. Ni jeni zipi zitaamka na zipi zitanyamaza hutegemea seli, maana katika kila aina ya seli sehemu kubwa ya DNA imekunjwa na haifikiki, na kilicho wazi kwenye seli ya moyo sicho kilicho wazi kwenye seli ya mshipa. Kazi hii yote huchukua saa na siku. Kwa njia hii steroidi haifanyi mambo kwa dakika, na jambo hilo litatusaidia tukirudi kwenye ile pua iliyobadilika rangi usiku mmoja.

Boston wanauliza swali sahihi

Swali la kwa nini steroidi huzuia mishipa lilimshughulisha sana Judah Folkman, daktari wa upasuaji wa watoto wa Boston aliyetumia maisha yake kutafuta jinsi ya kuinyima saratani mishipa ya damu. Mwaka 1983 yeye na wenzake walionyesha kwamba kotisoni, steroidi ya jamii ya kotisoli, ikiwekwa pamoja na heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, huzuia mishipa mipya. Kipimo chao kilikuwa yai. Ganda la yai lenye kiinitete cha kuku hufunguliwa, dawa huwekwa juu ya utando wenye mishipa mingi myembamba, na baada ya siku mbili hivi huonekana duara tupu mahali ambapo mishipa imetoweka. Mwaka 1985 walienda mbali zaidi: baadhi ya steroidi ambazo hazina kabisa kazi ya kotisoli, hazipandishi sukari wala hazibani chumvi, nazo zilifuta mishipa zikiwa na heparini. Kwangu hiyo ni habari kubwa kuliko ile ya 1983, kwa sababu ilionyesha kwamba uwezo wa molekuli hizi juu ya mishipa unaweza kutenganishwa na kazi zake nyingine.

Lakini yai la kuku si hemanjioma. Jibu la karibu zaidi na kisa chetu lilikuja mwaka 2010 kutoka Boston hiyohiyo, kwa Shoshana Greenberger, Joyce Bischoff, Mulliken na wenzao. Walichukua vipande vya hemanjioma vilivyokatwa kwa watoto wakati wa upasuaji, wakavichambua hadi kupata seli shina zilizomo, zile ambazo bado hazijaamua kuwa nini na zina uwezo wa kujenga mishipa. Wakazipandikiza chini ya ngozi ya panya, zikajenga mishipa ya damu kama zilivyokuwa zikifanya kwa mtoto. Panya walipopewa deksamethasoni, steroidi yenye nguvu zaidi ya prednisoloni, mishipa ilipungua, na kadiri dozi ilivyoongezeka ndivyo ilivyozidi kupungua.

Matokeo hayo yalitarajiwa. Yaliyofuata ndiyo yenye uzito. Waliziweka seli shina kwenye deksamethasoni ndani ya chombo cha maabara kwanza, kisha wakazipandikiza kwa panya. Bado zilishindwa kujenga mishipa vizuri, kwa hiyo dawa ilikuwa imezigusa seli zenyewe kabla hazijakutana na mwili wa panya. Wakapima protini ya VEGF-A, ambayo ndiyo amri kuu mwilini ya kuotesha mishipa. Kwenye seli shina deksamethasoni iliishusha. Kwenye seli za endotheli zilizotoka kwenye uvimbe uleule haikuishusha. Kisha wakaifunga jeni ya VEGF-A ndani ya seli shina bila kutumia steroidi yoyote, na mishipa ikapungua vilevile. Mwisho walirudi kwenye vipande vya wagonjwa: VEGF-A ilikuwepo kwenye hemanjioma zilizokuwa zikikua, na haikuonekana kwenye zile zilizokuwa zikinywea.

Hapa picha inageuka. Miaka yote hiyo ilikuwa rahisi kudhani kwamba steroidi huzipiga seli zinazoonekana, zile za ukuta wa mshipa. Majaribio haya yalionyesha kwamba ilikuwa inainyamazisha seli iliyo nyuma yao, inayotoa amri. Ni sawa na kufunga bomba badala ya kudeki maji sakafuni. Ndugu wawili wa uvimbe mmoja, wamekaa bega kwa bega, wamepokea homoni ileile: mmoja ananyamaza, mwingine hashtuki.

Mambo mawili ya kliniki yanapata maelezo hapo. La kwanza ni kwa nini steroidi zilifanya kazi vizuri katika miezi ya mwanzo na zikawa hazina faida baada ya mwaka: uvimbe unaonywea hauna tena VEGF-A ya kunyamazishwa. La pili ni ule ukuaji wa kurudia uliowakatisha tamaa wazazi wengi, ambapo dawa ikipunguzwa mapema uvimbe unachipua upya. Mimi naona ni jambo la kutarajiwa, maana seli shina ilizibwa mdomo, haikuondolewa.

Kwa nini moyo ulisikia kinyume

Madaktari wa watoto njiti walikuwa wameuona moyo wa namna hii kabla. Miaka ya 1980 na 1990 deksamethasoni ilitumika sana kuwasaidia njiti waliokwama kwenye mashine ya kupumulia, na baadhi yao walipata unene wa misuli ya moyo uliopungua dawa ilipoachwa.

Seli ya misuli ya moyo, baada ya wiki za kwanza za maisha, karibu haigawanyiki tena. Ikiambiwa ikue, hunenepa: huongeza nyuzi za kusukumia ndani yake. Kotisoli nyingi huiambia hivyo moja kwa moja kupitia kipokezi kilekile, na wakati huohuo presha iliyopandishwa na dawa huulazimisha moyo usukume kwa nguvu zaidi, nao huitikia kwa kuongeza unene. Kwa mtoto wa Bordeaux unene ulikuwa kiasi cha kuzuia damu kutoka. Moyo kama huo ukipiga kwa kasi na kwa nguvu hujiziba zaidi, kwa kuwa chumba hakipati muda wa kujaa na kuta zinakutana. Propranololi, ambayo mwanasayansi wa Scotland James Black aliibuni miaka ya 1960 na kuja kupewa Nobel mwaka 1988, hupunguza kasi na nguvu ya mapigo. Kuichagua kulikuwa uamuzi wa kawaida wa daktari wa moyo. Hakuna aliyekuwa akifikiria pua.

Je, tuna hakika kilichofanya kazi ni propranololi?

Msomaji makini ana haki ya kupinga. Mtoto alikuwa tayari kwenye steroidi na uvimbe ulikuwa umeshasimama. Hemanjioma hunywea yenyewe. Mgonjwa mmoja hathibitishi kitu.

Kasi ndiyo inayonishawishi kwanza. Kunywea kwa asili huchukua miezi na miaka, na steroidi hupitia kwenye jeni, hivyo haiwezi kugeuza nyekundu kuwa zambarau na kulainisha uvimbe kati ya leo na kesho. Mabadiliko ya siku moja ni mabadiliko ya mtiririko wa damu: propranololi huzuia vipokezi vya beta, vinavyopokea adrenalini na kulegeza mishipa, mishipa inajikaza, damu nyekundu inayoingia inapungua. Seli hazijafa bado. Kunywea kwa kweli kulikuja baadaye, na kuliendelea wakati steroidi zinapunguzwa, kipindi ambacho kwa kawaida ndicho cha hatari ya uvimbe kurudi.

Halafu kuna mtoto wa pili katika barua hiyohiyo. Hemanjioma yake ilienea mkono wote wa kulia na sehemu ya uso, ikaingia ndani ya tundu la jicho, na shingoni ikausukuma umio na koo la hewa pembeni. Steroidi kwake hazikutosha. Uvimbe uliendelea kukua. Moyo wake ulikuwa unasukuma damu nyingi kupita kiasi, akaanzishiwa propranololi miligramu 2 kwa kilo kwa siku. Baada ya siku 7 alifungua jicho mwenyewe. Mtoto huyu ndiye anayeondoa shaka kubwa zaidi kwangu, kwa sababu kwake steroidi ilikuwa imeshindwa waziwazi kabla ya dawa ya pili kuingia. Madaktari wakaomba ridhaa ya wazazi wa watoto wengine 9, na kwa wote 11 uvimbe ulibadilika rangi na kulainika.

Uthibitisho rasmi ulitangazwa mwaka 2015: jaribio la watoto 460 wa umri kati ya mwezi 1 na 5, wengine wakipewa propranololi na wengine dawa bandia. Kwa waliopewa miligramu 3 kwa kilo kwa siku kwa miezi 6, asilimia 60 uvimbe uliisha kabisa au karibu kabisa. Kwa waliopewa dawa bandia ilikuwa asilimia 4.

Na hata propranololi haikuishia kwenye maelezo tuliyoyazoea. Molekuli yake ina sura mbili zinazotazamana kama mkono wa kulia na wa kushoto, na ni moja tu inayozuia vipokezi vya beta kwa nguvu. Kundi la Bischoff na wengine wameonyesha maabara kwamba ile sura isiyogusa moyo nayo huzuia hemanjioma kujenga mishipa, kwa kuisumbua protini iitwayo SOX18 inayoongoza seli kuwa endotheli. Tena ni ngazi ileile ya seli ambazo hazijaamua, pale steroidi ilipokuwa ikifanya kazi yake.

Ndugu wengine wa ukoo huu

Nisingependa msomaji aondoke akidhani mambo haya ni ya kotisoli peke yake. Estrojeni ni steroidi pia, na kwa wanyama wa maabara walioumizwa ukuta wa mshipa, estradioli, aina kuu ya estrojeni, huharakisha endotheli kurudi na kufunika jeraha, huku ikizizuia seli za misuli ya mshipa zisijazane chini yake. Mwili wenyewe huibadilisha sehemu ya estradioli hiyo kuwa 2-methoksiestradioli, na mwaka 1994 ilionyeshwa kwamba zao hilo huzuia endotheli kuzaliana. Badiliko dogo la kemia, na homoni iliyokuwa ikiotesha inakuwa ya kuzuia.

Na kuna steroidi ambayo wengi wetu tumeishika mkononi bila daktari: krimu za klobetasoli na wenzake zinazoingia kwenye mkorogo wa kung'arisha ngozi. Siku za kwanza mishipa ya ngozi hujikaza na ngozi hupauka. Tangu 1962 weupe huo hutumika kupima nguvu ya krimu za steroidi. Ikipakwa kwa miezi, kolajeni, protini inayoishikilia mishipa, huisha, ngozi inakuwa nyembamba, na mishipa iliyopoteza nguzo hutanuka na kuonekana usoni kama nyuzi nyekundu. Dawa iliyobana mishipa mwezi wa kwanza inaiacha imetanuka mwaka wa pili. Inaniuma kuona kopo hizo zikiuzwa sokoni pamoja na sabuni, na zinapakwa hata watoto.

Kinachofanyika sasa

Steroidi hazijafutwa. Mtoto mwenye pumu kali au hitilafu ya umeme wa moyo ambaye hawezi kupewa propranololi bado anaweza kuzihitaji, na uvimbe mdogo uliokaa mahali pamoja unaweza kuchomwa sindano ya triamsinoloni, steroidi nyingine, ndani yake, ingawa karibu na kope hilo lina hatari ya kuziba mshipa wa retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Lakini kwa walio wengi mpangilio umegeuka.

Kwetu Afrika Mashariki propranololi si dawa ngeni. Vidonge vyake viko kwenye maduka mengi ya dawa kwa ajili ya presha na mapigo ya moyo. Tatizo ni kipimo. Mtoto wa kilo 4 anayeanzishiwa miligramu 1 kwa kilo kwa siku, ikigawanywa mara mbili, anahitaji miligramu 2 kila mara. Kidonge cha kawaida cha miligramu 40 kingepaswa kukatwa vipande 20. Hakuna kisu cha nyumbani kinachoweza hilo, na kukosea kidogo kunatosha kushusha mapigo na presha ya mtoto. Hii ni kazi ya mfamasia wa hospitali, atengeneze maji ya dawa yenye kipimo kinachojulikana, mama apewe bomba la sindano lisilo na sindano na aonyeshwe mstari wa kuishia. Hatari nyingine ni sukari kushuka: dozi hutolewa mtoto akiwa amenyonya, na akigoma kunyonya, akitapika au akihara, dozi hiyo inaachwa hadi daktari aulizwe.

Muda wa kuanza ni jambo ambalo ningependa kila kliniki ya mama na mtoto ilijue. Mtoto hupelekwa chanjo akiwa na wiki 6, ambazo ziko katikati ya kile kipindi cha kasi kubwa zaidi. Nesi aliyemwona akiwa na doa kwenye kope au puani siku hiyo ameliona katika wakati ambao tiba ina nguvu kuliko wakati mwingine wowote, na rufaa inafaa kuandikwa papo hapo, bila kusubiri chanjo ya wiki ya 10 au ya 14.

Kuacha dawa nako kuna hesabu yake. Prednisoloni hupunguzwa polepole kwa ajili ya tezi za adrenali zilizolala. Propranololi hailazi tezi hizo, lakini katika lile jaribio la 2015, mtoto 1 katika kila 10 waliofanikiwa alilazimika kurudishwa kwenye tiba baada ya miezi 6 kwisha. Kwa hiyo madaktari wengi siku hizi hawaiachishi mtoto akiwa na miezi 7 au 8, hata kama ngozi imeshakuwa safi. Humwendeleza hadi atimize mwaka au zaidi kidogo, umri ambao hemanjioma nyingi zinakuwa zimeanza kunywea zenyewe.